Kutoka Kipande hadi Tawasifukazi: Nani Aandike Habari za Mfanyakazi?

Miongoni mwa maandishi yanayofundishwa katika somo la Kiswahili nchini Kenya, kuna aina moja ambayo jina lake bado halijatulia. Baadhi ya walimu huiita wasifukazi, wengine tawasifukazi. Hitilafu yenyewe ni ya silabi moja tu, na yaelekea wengi wataiona haistahili kugombaniwa. Lakini wanafasihi wamekwisha kuzoea kuyaita wasifu maisha ya mtu yaliyoandikwa na mwingine, na tawasifu maisha aliyoyaandika mwenyewe. Kwa hiyo silabi hiyo imebeba swali la kihistoria: habari za mfanyakazi ziandikwe na nani?

Katika Kenya ya kikoloni jibu lilikuwa wazi. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, ikacheleweshwa na vita, ikaanza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alilazimika kuchukua kipande, karatasi iliyohifadhiwa ndani ya kikebe cha chuma na kuvaliwa shingoni. Wagikuyu walikiita mbugi, yaani njuga ya mbuzi, na jina hilo linatosha kueleza walivyojiona. Humo mliandikwa jina la mtu, kabila lake, tajiri aliyemwajiri, mshahara, siku ya kuanza kazi na siku ya kuachishwa. Alama pekee iliyotoka kwa mchukuaji mwenyewe ilikuwa ya vidole vyake.

Madhara yake yalikuwa makubwa. Mtu ambaye kipande chake hakikutiwa sahihi ya kuachishwa kazi alihesabiwa kuwa mtoro, akaweza kushtakiwa. Aidha, kwa kuwa mshahara wa zamani ulionekana pale pale, tajiri mpya hakuwa na haja ya kuuliza mgeni wake anastahili kiasi gani. Basi si ajabu kwamba kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyotolewa na Harry Thuku na wenzake mwaka 1921, kabla ya Thuku kukamatwa Machi 1922. Mwaka 1947 ilitungwa sheria nyingine ya kuwaandikisha watu wa rangi zote, na kipande kikaondoka.

Kando ya kipande palikuwa na barua ya bwana. Mpishi au mtumishi wa nyumbani aliyetafuta kazi mpya alibeba sifa alizoandikiwa na mwajiri wa zamani, pengine kwa Kiingereza asichoweza kukisoma. Sifa zilizotakiwa zilijulikana: mwaminifu, mtiifu, halewi. Hizo ni sifa za mtu anayetazamwa na mwenye amri juu yake. Hazisemi alipika nini wala kwa watu wangapi.

Sheria ya Ajira ya 2007 imebadili mambo kwa namna inayostahili kuangaliwa. Kifungu cha 51 kinamtaka mwajiri ampe anayeondoka hati ya utumishi, yenye majina ya pande mbili, aina na mahali pa kazi, na tarehe za kuanza na kumaliza. Lakini mwajiri halazimiki kuandika lolote juu ya tabia ya mtu au ubora wa kazi yake. Nafasi hiyo iliyoachwa wazi hapana budi ijazwe na mwombaji.

Hata hivyo, waombaji wengi huijaza kwa msamiati wa barua ya bwana. Huandika kwamba wao ni waaminifu, wenye bidii, wanaoweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Maneno haya hayana uzito yakitoka kwa mwenyewe, kwani hata mvivu aweza kuyaandika. Tawasifukazi hupata nguvu kwa vitenzi na kwa ushahidi. Anayesema kwamba alifundisha fasihi kidato cha tatu na cha nne kwa miaka mitano, akaongoza chama cha Kiswahili, akasahihisha insha za wanafunzi mia mbili kila muhula, amekwisha kuonyesha bidii yake bila kuitaja. Amempa msomaji pia jambo la kuuliza na kuthibitisha. Mpangilio nao una maana: kazi ya karibuni hutangulia, na mambo yanayohusiana na nafasi inayoombwa hupewa mistari zaidi kuliko mengine. Hati moja isiyobadilika, inayotumwa kwa kila tajiri, ni kipande kilichotolewa kikebe tu.

Wapo pia wanaoendelea kutaja kabila, dini na hali ya ndoa mwanzoni kabisa, kabla ya elimu na kazi, ilhali Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo. Walimu wanaosahihisha zoezi hili darasani wangeweza kuanza kwa kuifuta mistari hiyo mitatu.