Muyaka na Msomaji wa Buruburu: Juu ya Uchunguzi wa Mtungaji Mmoja

Katika idara zetu za lugha na fasihi imekuwa desturi mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, au wa shahada ya pili, kumteua mtungaji mmoja na kumchunguza peke yake chini ya usimamizi wa mwalimu. Desturi hii ni njema, lakini mara nyingi huanza na swali la pili na kuliruka la kwanza. Mchunguzi huuliza mtungaji amesema nini kabla ya kuuliza maneno yaliyo mbele yake yamepataje kuwa ya mtungaji huyo. Kwa riwaya iliyopigwa chapa mwandishi angali hai, madhara ni machache. Kwa Muyaka bin Haji wa Mombasa, kosa hili laweza kuiangusha kazi nzima.

Tumchukulie mwanafunzi akaaye Buruburu, mashariki ya jiji la Nairobi, mtaa ulioanza kujengwa kwa awamu katika miaka ya 1970. Mwanafunzi huyo anakipata kitabu cha M. H. Abdulaziz juu ya Muyaka, kilichotolewa Nairobi na Kenya Literature Bureau mwaka 1979, chenye tungo, tafsiri ya Kiingereza na maelezo ya historia. Juu ya jalada anaona jina moja la mshairi, na ndani anatarajia kumkuta mtu mmoja.

Lakini Muyaka alifariki yapata mwaka 1840, wala hakuacha diwani. Tungo zake zilikaa vifuani mwa watu wa Mvita. Miaka ipatayo 40 baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alizikusanya na kuziandika kwa hati za Kiarabu, akishirikiana na W. E. Taylor, mmisionari Mwingereza, ambaye naye aliziongezea maelezo. Miswada hiyo ikaishia London. Mwaka 1940 W. Hichens akaitoa diwani kwa hati za Kirumi huko Johannesburg. Basi kati ya kinywa cha Muyaka na meza ya Buruburu ipo mikono isiyopungua minne, na kila mmoja uliamua jambo: beti zipi ziingie, neno lipi lisomwe vipi. Hati za Kiarabu, kama zilivyozoeleka kuandikiwa Kiswahili, hazitofautishi sauti zote za Kimvita; msomaji alilazimika kuchagua. Mimi namwona Mwalimu Sikujua kuwa mhakiki wa kwanza wa Muyaka, na ni ajabu kwamba jina lake halitajwi mara nyingi katika tasnifu zetu.

Kuna tatizo la pili, nalo ni la utanzu wenyewe. Muyaka alitunga akijibu na akijibiwa. Mombasa ya Wamazrui ilikuwa ikishindana na Lamu na kumkabili Seyyid Said, aliyeutwaa mji mwaka 1837, na mashairi yalikwenda na kurudi baina ya miji hiyo kama barua. Ukimtenga Muyaka na wapinzani wake, unabaki na nusu ya mazungumzo, na fumbo lililowaumiza watu wa Lamu unaligeuza kuwa pambo la lugha. Uchunguzi wa mtungaji mmoja, kwa ushairi wa namna hii, hauna budi kuwa uchunguzi wa majirani na mahasimu wake pia.

Pengine mtu atasema kijana wa Buruburu, aliyekulia katika Sheng, yuko mbali mno na Kimvita cha karne ya 19. Ni kweli kwamba msamiati utamsumbua. Hata hivyo Abdulaziz yuyo huyo, pamoja na Ken Osinde, alichapisha mwaka 1997 makala juu ya Sheng na Engsh, lugha za vijana wa mijini nchini Kenya. Sioni kwamba alibadili njia. Muyaka naye aliichukua lugha ya mji wake, ya sokoni na ya barazani, akaitia katika vina na mizani. Kijana aliyezoea kusikia neno likigeuzwa maana kituo cha basi hadi kituo huenda akalihisi fumbo la Muyaka upesi kuliko yule aliyefunzwa kumwogopa mshairi kama kaburi la walii.

Kwa hiyo ningemshauri aiweke diwani ya 1940 kando ya kitabu cha 1979, alinganishe ubeti kwa ubeti, na kila tofauti aiandike. Kisha ateremke Mombasa, ampate mzee mmoja wa Mvita, amsomee kwa sauti. Sura ya dhamira na ije baada ya hapo.