Jalada la riwaya

Jalada la riwaya (pia gamba la kitabu, mitaani huitwa kava) ni karatasi nene au ubao unaofunika kurasa za riwaya na kubeba jina la kitabu, jina la mwandishi, nembo ya mchapishaji na mara nyingi picha. Riwaya moja inaweza kuwa na majalada mengi yasiyofanana, kulingana na mwaka, nchi, lugha na mchapishaji wa kila toleo. Makala hii inaeleza sababu za tofauti hizo, mifano yake duniani na Tanzania, hasa jijini Dar es Salaam, na namna ya kulinganisha majalada ya riwaya moja.

## Sehemu za jalada

Jalada lina sehemu kuu tatu: mbele, mgongo na nyuma. Mbele huwa na jina la kitabu na picha. Mgongo ndio unaoonekana kitabu kinaposimamishwa rafuni. Nyuma huwa na muhtasari mfupi wa kuvutia msomaji, maelezo ya mwandishi na namba ya ISBN pamoja na msimbopau.

ISBN ilikuwa na tarakimu 10 hadi mwisho wa mwaka 2006. Tangu 2007 ina tarakimu 13. Baada ya 978, vitabu vingi vya Tanzania hutambulika kwa tarakimu 9976 au 9987, na vingi vya Kenya kwa 9966. Kwa hiyo hata picha ya mbele ikifanana, namba ya nyuma inaweza kuonyesha kwamba matoleo mawili yametoka nchi tofauti.

Rangi huathiri gharama. Katika uchapaji wa ofseti kila rangi ya wino huhitaji bamba lake. Picha ya rangi kamili hupigwa kwa wino wa rangi nne, lakini jalada la rangi moja au mbili huwa nafuu zaidi. Ndiyo maana mchapishaji mwenye mtaji mdogo huweza kuchagua mchoro wa mistari badala ya picha ya kamera.

## Kwa nini riwaya moja huwa na majalada tofauti

* Mchapishaji kubadilika. Mwandishi anaweza kuhamisha haki za maandishi kwenda kampuni nyingine, lakini mchoro wa jalada ni kazi ya sanaa yenye hakimiliki yake. Nchini Tanzania haki hizo husimamiwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mchapishaji mpya asiyekuwa na ruhusa ya mchoro wa zamani hulazimika kutengeneza mwingine.
* Msomaji kubadilika. Riwaya iliyoandikwa kwa wasomaji wa kawaida ikiingia shuleni, jalada lake huweza kutulizwa ili likubalike kwa walimu na wazazi.
* Tafsiri. Kitabu kikihamia lugha nyingine, mara nyingi hupata jina jipya na picha mpya.
* Tuzo au filamu. Mwandishi akipata tuzo, maneno ya tuzo hiyo huongezwa mbele. Riwaya ikitengenezwa filamu, picha za waigizaji huweza kuchukua nafasi ya mchoro wa awali.
* Mauzo ya mtandaoni. Kwenye simu jalada huonekana dogo kama stempu, hivyo herufi kubwa na picha rahisi hupendelewa.

## Mifano duniani

Mwaka 1935 kampuni ya Penguin ya Uingereza ilianza kutoa vitabu vya bei nafuu vyenye majalada yasiyo na picha ya kisa. Rangi ndiyo iliyotambulisha aina ya kitabu: chungwa kwa riwaya, kijani kwa hadithi za upelelezi, na buluu kwa wasifu. Nembo ya ndege wa penguini ilichorwa na Edward Young.

Waandishi wengine wamejaribu kuzuia picha fulani. Mwaka 1915 Franz Kafka aliiandikia kampuni ya Kurt Wolff kuomba kwamba mdudu wa hadithi yake *Die Verwandlung* asichorwe kabisa. Jalada la Ottomar Starke likaonyesha mwanamume aliyefunika uso kwa mikono, nyuma yake mlango ukiwa wazi kidogo. Matoleo mengi ya baadaye, hata hivyo, yamemchora mdudu.

## Riwaya za Afrika

Riwaya ya Chinua Achebe *Things Fall Apart* ilitoka London mwaka 1958. Mwaka 1962 ikawa kitabu cha kwanza katika mfululizo wa waandishi wa Afrika wa kampuni ya Heinemann, ambao riwaya zake zilijulikana kwa rangi ya chungwa. Mwaka 1973 East African Publishing House ya Nairobi ilitoa tafsiri ya Kiswahili ya Clement Ndulute kwa jina *Shujaa Okonkwo*. Hapo jalada lilibadilika hata kabla ya kutazama picha: jina la Kiingereza lazungumzia mambo kusambaratika, bali la Kiswahili lamtanguliza mtu mmoja na kumwita shujaa. Msomaji wa tafsiri huanza kusoma akiwa na matarajio tofauti. Nchini Marekani, majalada ya mfululizo wa vitabu vya Achebe kwa kampuni ya Anchor yalichorwa na Edel Rodriguez, msanii mzaliwa wa Kuba.

Mwaka 2014 ulizuka mjadala kuhusu majalada ya vitabu vinavyohusu Afrika vinavyochapishwa Ulaya na Marekani. Simon Stevens alisambaza picha ya majalada 36 yaliyowekwa pamoja. Mengi yalikuwa na mgunga mmoja na anga la machungwa la machweo. Tovuti ya Africa is a Country iliendeleza mjadala huo. Lawama kuu ilikuwa kwamba vitabu vya nchi, hali ya hewa na visa tofauti kabisa vilivishwa vazi moja. Riwaya inayotokea mjini, kwenye nyumba za kupanga na vituo vya basi, haielezwi na mti wa mbugani.

## Tanzania na Dar es Salaam

### Kuhama kwa wachapishaji

Riwaya nyingi za Kiswahili za miaka ya 1960 na 1970 zilitolewa Nairobi na East African Literature Bureau, shirika la pamoja lililoanzishwa mwaka 1948. Miongoni mwake ni *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla (1965) na *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi (1971). Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kazi za shirika hilo ziliendelezwa na Kenya Literature Bureau. Kwa upande wa Tanzania, vitabu kadhaa vililazimika kupata wachapishaji wapya, na hivyo majalada mapya.

*Rosa Mistika* ni mfano mzuri. Baada ya kutoka ilizuiwa kutumika shuleni kwa sababu ya namna ilivyoeleza mahusiano ya kimapenzi na mimba za wanafunzi. Baadaye ilitolewa na Dar es Salaam University Press na ikakubaliwa kufundishwa. Kitabu kilichokuwa kikifichwa kikawa kitabu cha mtihani. Anayelinganisha matoleo yake huangalia jinsi msichana Rosa anavyowasilishwa: kama kishawishi, kama mwathirika, au kama jina tu bila sura.

Kazi za Shaaban Robert nazo zimepitia mikono mingi. *Kusadikika* ilitolewa kwanza na Thomas Nelson mwaka 1951 na *Adili na Nduguze* na Macmillan mwaka 1952. Baadaye zilitolewa upya na Mkuki na Nyota, kampuni ya Dar es Salaam iliyoanzishwa mwaka 1991 na Walter Bgoya, aliyekuwa mkuu wa Tanzania Publishing House.

### Riwaya pendwa

Riwaya za upelelezi na mapenzi za Dar es Salaam zilitumia lugha nyingine ya picha, iliyokaribiana na majarida ya katuni na hadithi za picha kama *Film Tanzania* la Katalambulla. Ben Mtobwa alitoa *Dar es Salaam Usiku* kupitia kampuni yake ya Heko. Baadaye riwaya hiyo ilitolewa Nairobi na East African Educational Publishers, ambao pia walitoa tafsiri ya Kiingereza, *Dar es Salaam by Night*. Riwaya moja ikawa na wasomaji watatu tofauti: mkazi wa jiji anayezijua baa zenyewe, Mkenya anayesoma Kiswahili, na msomaji wa Kiingereza ambaye jina la jiji kwake ni la mbali.

### Tafsiri ya Peponi

*Paradise* ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ilitoka Uingereza mwaka 1994. Kwa Kijerumani iliitwa *Das verlorene Paradies*, yaani pepo iliyopotea. Gurnah alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na mwaka 2022 Mkuki na Nyota wakatoa tafsiri ya Ida Hadjivayanis kwa jina *Peponi*. Jina la Kijerumani linafichua mapema kwamba pepo imepotea. La Kiswahili linamweka msomaji mahali penyewe, likimwachia agundue kama ni pepo kweli.

### Jalada mikononi mwa msomaji

Kutoka Kinondoni hadi Temeke riwaya humfikia msomaji kwa njia kadhaa. Maduka ya vitabu huuza nakala mpya. Baadhi yake yamo Manispaa ya Kinondoni, kama vile Soma Book Café huko Mikocheni na A Novel Idea huko Slipway, Msasani. Wauza vitabu vya mitumba hupanga matoleo ya miaka tofauti chini, ubavu kwa ubavu. Njia nyingine ni nakala zilizodurufiwa kwenye steshenari, ambazo jalada lake huwa karatasi ya manila au kivuli cheusi cha jalada halisi. Katika nakala hizo jina la mchoraji, mwaka na mchapishaji mara nyingi hupotea, na mwandishi halipwi.

## Namna ya kulinganisha majalada

1. Tambua toleo. Soma ukurasa wa hakimiliki kwanza. Jalada jipya si lazima liwe na maandishi mapya; linaweza kufunika chapa nyingine ya toleo lilelile. Vilevile, toleo lililohaririwa upya linaweza kubaki na picha ya zamani.
2. Pima majina. Angalia lipi ni kubwa, la mwandishi au la kitabu. Mwandishi akishajulikana, jina lake huelekea kukua.
3. Tafuta picha ndani ya kisa. Je, tukio au mtu aliyechorwa yumo katika riwaya, au picha ni ya mahali na desturi kwa jumla tu?
4. Tazama kilichoachwa. Jalada likionyesha bahari na kumwacha mchukuzi, limefanya uamuzi.
5. Soma nyuma. Muhtasari unaweza kuiita riwaya ileile ya mapenzi, ya siasa au ya maadili.
6. Tafuta jina la msanii. Mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo nyuma au kwenye ukurasa wa hakimiliki.

Kwa wanafunzi, hatua ya kwanza ina faida ya moja kwa moja. Darasa likitumia matoleo tofauti, namba za kurasa hazilingani. Ni vema kutaja mchapishaji, mwaka na sura, badala ya ukurasa peke yake.

## Uhifadhi

Majalada ya zamani hupotea kuliko maandishi yenyewe. Maktaba zinapofunga upya kitabu kilichochakaa, jalada la awali huweza kuondolewa na kuwekwa gamba gumu lisilo na picha. Katalogi huandika jina, mwaka na idadi ya kurasa, lakini mara nyingi haimtaji mchoraji. Matokeo yake ni kwamba maneno ya riwaya ya mwaka 1971 yanaweza kusomwa leo, ilhali sura ambayo msomaji wa kwanza aliiona dukani haijulikani. Kupiga picha mbele, mgongo na nyuma ya kila toleo, pamoja na ukurasa wa hakimiliki, huwezesha kufuatilia jinsi jamii ilivyoipokea riwaya hiyo mwaka hadi mwaka.

## Tazama pia

* Riwaya
* Fasihi ya Kiswahili
* Hakimiliki
* Shaaban Robert
* Euphrase Kezilahabi
* Abdulrazak Gurnah