Mradi wa katikati ya mji ukichelewa, nani anasubiri? Historia fupi ya Kisumu

1/ Kampeni zikikaribia, swali hili halikosi: "Mbona ule mradi wa katikati ya mji haujaisha?" Majibu huwa ni yale yale. Huyu anasema pesa zililiwa. Yule anasema wachuuzi walikataa kuhama. Wa tatu anasema serikali kuu ilikalia fedha. Leo sitataja mtu wala chama. Nataka tuangalie kitu ambacho wote watatu wanakiruka: ile ardhi ni ya nani, na mradi ukikwama, ni nani anasubiri? Tutumie Kisumu kama mfano.

2/ Kabla ya reli, pale kando ya ziwa watu walikuwa wakikutana kubadilishana chakula na bidhaa. Wenyeji wengi husema hata jina Kisumu limetokana na neno la Kijaluo linalohusu kwenda kutafuta chakula. Yaani soko lilikuwepo kabla ya mji. Shika hiyo, tutairudia.

3/ Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, kituo kikaitwa Port Florence. Wakati huo eneo lote lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, hadi lilipohamishiwa upande wa Kenya ya leo mwaka 1902. Reli haikuja kujengea watu mji. Ilikuja kufikisha mizigo kwenye meli. Kwa hivyo ufuo, gati, yadi na ardhi ya pembeni vikawa vya reli.

4/ Na ile ardhi nyingine? Sheria za ardhi za kikoloni za 1902 na 1915 ziliiweka chini ya serikali, ambayo ilikodisha viwanja vya mjini kwa mikataba ya hadi miaka 99. Si kila mtu angepata. Mwaka 1913 mtaalamu wa afya, W. J. Simpson, alitumwa kukagua miji ya Afrika Mashariki, na ripoti yake ikapendekeza watu watengwe kwa rangi. Kisumu mgawanyo huo ulionekana wazi: Wazungu upande wa Milimani, Wahindi kwenye bazaa na maduka, Mwafrika pembeni.

5/ Mwafrika alihitajika mjini kama kibarua, si kama mwenye duka. Wengi walijenga nje ya mpaka wa mji, sehemu kama Manyatta na Nyalenda. Mapema miaka ya 1970 mpaka ulisukumwa ukaingiza maeneo hayo. Idadi ya wakaaji wa mji ikapanda, lakini ardhi ya katikati haikubadilisha mikono sana. Ilibaki ya reli, ya wenye mikataba na ya baraza la mji. Muuzaji mdogo akawa mkaaji halali ambaye hana mahali halali pa kuuzia.

6/ Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Shirika la reli la pamoja likagawanywa, na 1978 Kenya ikaunda lake. Bandari ya Kisumu ikapoa kwa miaka mingi, na ardhi ya reli kando ya ziwa ikakaa bila kazi. Watu waliijaza. Pale Lwang'ni ukienda ulikuwa unapata samaki wa kukaanga na ugali, ziwa liko hapo mbele yako. Hati ya ardhi hakuna, lakini wateja wapo.

7/ Na kuna jambo moja la miji yetu mingi ambalo kwenye mijadala hatulisemi. Asubuhi baraza linatoza mchuuzi ada ya siku na kumpa risiti. Jioni mtu huyo huyo anaitwa mvamizi. Sasa hapo ni mlipa kodi au ni mvamizi?

8/ Mipango haikukosekana. Kisumu ilipata hadhi ya jiji mwaka 2001. Mwaka 2006 ikatangazwa Jiji la Milenia, la kwanza chini ya mpango wa Chuo Kikuu cha Columbia. Baadaye likaja shirika la maendeleo la Ufaransa na takriban Euro milioni 40 za mradi wa kuboresha mji, masoko yakiwemo. Lakini makubaliano yalifanywa enzi za baraza la manispaa. Machi 2013 tukapiga kura, ugatuzi ukaanza, na baraza halikuwepo tena. Kaunti ikarithi mradi ambao haikuuanzisha, huku bado inaajiri watu na kupanga ofisi. Hata bila mtu kuiba shilingi, hapo lazima muda ungepotea.

9/ Sasa fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Masoko na mipango ya kaunti ni kazi ya kaunti. Reli ni kazi ya serikali kuu. Katikati ya Kisumu vitu hivi viwili vinagusana kabisa, soko hapa, ardhi ya reli pale. Kwa hivyo kila kiongozi anaweza kunyooshea mwingine kidole, na kila mmoja akawa na ukweli nusu. Ndiyo maana ule mjadala hauishi.

10/ Lakini angalia kinachoenda haraka na kinachoenda polepole. Mwaka 2019, bandari ikifufuliwa, vibanda vya Lwang'ni na vingine kwenye ardhi ya reli vilibomolewa. Mei 2022 Kisumu ilipokea kongamano la Africities, na kabla ya wageni kufika mji ulisafishwa na kurembeshwa. Kumbe tunaweza kutimiza tarehe! Kubomoa kuna tarehe. Wageni wana tarehe. Ni kumrudisha muuzaji ndiko huachwa bila tarehe.

11/ "Kwa muda" ni maneno ghali sana. Shangazi yangu huuza mitumba katika mji mwingine, sitautaja. Waliambiwa wahame miezi sita soko lijengwe. Huu ni mwaka wa nne. Soko la muda liko mbali na stegi, na mteja wa mitumba ni mtu anayeshuka matatu, haji kukutafuta. Mtaji umeisha, hata chama ameacha kuchanga. Soko likifunguliwa kesho, atarudi na nini? Bei ya ucheleweshaji ni hiyo, na haiko kwenye bajeti ya mradi wowote.

12/ Sheria inasema nini? Tangu marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016, kuwatoa watu waliokaa kwenye ardhi ya umma bila idhini kunahitaji notisi ya maandishi ya miezi mitatu. Januari 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Mitu-Bell, ilikubali kwamba hata aliyejenga makao kwenye ardhi ya umma ana haki zinazopaswa kulindwa. Lakini ile kesi ilihusu makao. Kibanda si nyumba, kwa hivyo ulinzi wa mahali pa kazi bado ni mwembamba.

13/ Hii haimaanishi mji usijengwe. Soko lenye choo, maji na paa ni haki ya muuzaji kabla ya kuwa sifa ya kiongozi. Na kama pesa zimeliwa, zifuatwe. Lakini ukienda kwenye kikao cha umma, usiishie kuuliza "nani alichelewesha?" Uliza haya manne:

Ardhi ya mradi imesajiliwa kwa jina la nani?
Wanaohamishwa wameorodheshwa kwa majina, na orodha inawekwa na nani?
Tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye mkataba, au ilitamkwa tu jukwaani?
Mkandarasi akisimama, anayesubiri kwenye soko la muda anaendelea kulipishwa ada au la?

14/ Nilisema soko lilitangulia mji. Zaidi ya miaka 120 baadaye, aliyekuja kuuza ndiye bado anaambiwa asubiri pembeni. Kama mjini kwenu kuna mradi uliosimama, andika hapo chini waliahidiwa miezi mingapi na sasa ni mwaka wa ngapi. Majina ya wanasiasa tafadhali yaacheni nje.