Mwalimu wa ekole na wingu la kijani

Wandugu, historia ya sayansi haiandikwe na maprofesa peke yao.

Mwaka 2007, mradi wa Galaxy Zoo uliweka picha za galaksi kwenye intaneti, ukaomba watu wa kawaida wasaidie kuzipanga. Hanny van Arkel, mwalimu wa ekole kule Uholanzi, akaona doa la bluu pembeni ya galaksi IC 2497. Wengine wangepita tu. Yeye akauliza: hii ni kitu gani?

Kumbe ni wingu la gazi, kubwa karibu sawa na galaksi yetu. Mwangaza mukali ulikuwa umepokonya atomu zake elektroni, oksijeni ikang'aa kijani. Lakini taa yenyewe iko wapi? Katikati ya galaksi ile, moto wa shimo jeusi ulikuwa umefifia sana. Wingu lilikuwa lingali linaonyesha moto wa zamani, juu mwangaza unachukua maelfu ya miaka kufika pale.

Kisha watu wa kujitolea wakaanza kutafuta mengine kwa makusudi. Mwaka 2012 zikatangazwa galaksi 19 zenye mawingu ya namna hiyo.

Sisi wenye licence tunazoea kusema: bila laboratwari hatuwezi kitu. Ni kweli, mashine inahitajika. Hata hapa teleskopu kubwa ndizo zilithibitisha. Lakini swali lilitangulia, na kuuliza hakulipishwe.