Gombessa Katika Kanda

Jumanne ya tarehe 16 Januari 1979, idhaa ya pili ya televisheni ya BBC ilianza kuonyesha Life on Earth, mfululizo wa sehemu 13 ulioandikwa na kusimuliwa na David Attenborough. Maudhui yake yalikuwa historia ya uhai, tangu viumbe vya chembe moja hata binadamu. Kabla yake, mwaka 1973, Jacob Bronowski alikuwa ametoa The Ascent of Man. Baada yake, mwaka 1980, Carl Sagan akaja na Cosmos nchini Marekani. Kila mfululizo ulikuwa na sehemu 13, wala hapana siri katika idadi hiyo: ndiyo majuma ya robo mwaka.

Mtazamaji wa zama hizo alikuwa kama msikilizaji wa utenzi barazani. Aliyewahi alipata, aliyechelewa alikosa, na aliyesinzia hakuwa na wa kumlaumu. Hata wenye vipindi hawakuvionea uchungu sana. Mpaka miaka ya 1970 BBC yenyewe ilikuwa ikifuta kanda nyingi ili zirekodiwe upya, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali na kabati zilikuwa chache.

Mashine iliyoibadili hali hiyo ni deki. Sony ilitoa Betamax mwaka 1975, na JVC ikafuata na VHS mwaka 1976. Kanda ya saa tatu iliweza kuchukua sehemu tatu za Life on Earth. Kwa hiyo mfululizo mzima ulihitaji kanda tano, na sehemu ya 13, ile inayomhusu binadamu, ilibaki peke yake katika kanda ya mwisho. Na kwa kuwa Uingereza, Oman, Kenya na Zanzibar zilitumia mfumo mmoja wa PAL, kanda iliyorekodiwa London iliweza kuchezwa Maskati au Unguja katika deki ya kawaida, ilhali iliyorekodiwa Chicago haikuweza. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Bara ikangoja mpaka mwaka 1994.

Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa thamani ya mtu anayehifadhi kitu asichokitunga. Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840, na mashairi yake mengi yamesalia kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya akishirikiana na W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19. Kule Lamu, Muhamadi Kijuma alitumia miaka mingi akinakili tendi kwa mkono wake. Mtu aliyekaa mbele ya deki, kidole juu ya kitufe, akingoja jina la kipindi litokee, ni jamaa yao wa mbali.

Lakini Kijuma hakushitakiwa. Mwaka 1976 kampuni za Universal na Disney ziliipeleka Sony mahakamani, zikidai kwamba kurekodi nyumbani ni kuiba haki ya mtunzi. Shauri lilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 17 Januari 1984 Sony ikashinda kwa kura tano dhidi ya nne. Miongoni mwa ushahidi uliotajwa katika hukumu ni kauli ya Fred Rogers, mtangazaji wa vipindi vya watoto, ambaye hakuona ubaya familia kurekodi kipindi chake na kukitazama kwa wakati wao. Uingereza iliruhusu jambo hilo kwa sheria ya mwaka 1988. Shule za Marekani zilibanwa zaidi: mwongozo wa mwaka 1981 uliagiza kwamba kipindi kilichorekodiwa hewani kisikae zaidi ya siku 45, kisha kifutwe. Uhai uliochukua mamilioni ya miaka kutokea ukapewa siku 45 za kufundishwa.

Kilichopatikana kwa kurudia kanda kinaonekana vyema katika habari ya samaki mmoja wa bahari hii. Wataalamu waliamini kwamba silikanti ametoweka duniani zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita, mpaka Desemba 1938 alipopatikana mmoja Afrika Kusini. J. L. B. Smith, aliyemtambua, alieneza vipeperushi vyenye picha ya samaki huyo na ahadi ya pauni 100. Mwaka 1952 Smith na mkewe Margaret walipokuwa Zanzibar, vipeperushi hivyo vilimfikia Eric Hunt, nahodha aliyefanya biashara katika visiwa vya Komoro. Desemba ya mwaka huohuo samaki wa pili akavuliwa Nzwani. Wavuvi wa Komoro hawakushangazwa na samaki. Walishangazwa na bei. Wao walimjua siku zote, na jina lake lilikuwa gombessa.

Mpigapicha Peter Scoones ndiye aliyempiga picha gombessa akiwa hai huko Komoro, na picha hizo zikaingia katika Life on Earth. Alikuwa samaki aliyekwisha kuvuliwa, amechoka, yu karibu kufa. Bado mapezi yake yenye nyama yalikuwa yakizunguka kama mikono inayotafuta kitu gizani. Aliyetazama mara moja aliona ajabu. Aliyerudisha kanda na kusimamisha picha aliona pezi lilivyojikunja, akaweza kujiuliza.

Na swali lilikuwepo. Smith alikuwa amekipa kitabu chake cha mwaka 1956 jina lenye maana ya Mzee Miguu Minne, akidhani gombessa hutambaa chini ya bahari. Mwaka 1987 Hans Fricke alishuka kwa nyambizi ndogo karibu na Ngazija, akampiga picha gombessa nyumbani kwake. Mapezi yalikwenda kwa zamu kama miguu ya mnyama anayetembea, lakini samaki alikuwa akielea, hakukanyaga chini. Kisha mwaka 2013, uchunguzi wa jenomu yake ulionyesha kwamba kambaremamba ndiye aliye jamaa wa karibu zaidi wa wanyama wa nchi kavu. Kanda ya mwaka 1979 haikujua hayo, wala haijirekebishi. Hiyo ndiyo tofauti yake na mwalimu.

Neno lenyewe lina mtego. Aliyetafsiri fikra hii kuwa maendeleo ya viumbe aliiharibu, kwani maendeleo yana ngazi, na gombessa hakupanda ngazi yoyote. Mageuko ni neno la haki zaidi. Wapo ambao imani yao haiyakubali mageuko hayo, na hao pia kanda iliwafaa, maana hoja inayorudiwa ndiyo inayojibika. Mwaka 2001, PBS ilipoonyesha mfululizo wa Evolution, Discovery Institute ya Seattle ilitoa mwongozo wa kuupinga sehemu kwa sehemu. Huwezi kujibu sehemu kwa sehemu kitu kilichopita kama upepo.

Tangu mwaka 2003 gombessa wamekuwa wakinasa katika nyavu za wavuvi wa Tanga, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao. Kanda hazikupata hifadhi. Unyevu wa visiwani huziotesha ukungu, na ukungu huchafua kichwa cha deki. Sony iliacha kutengeneza kanda za Betamax Machi 2016. Julai mwaka huo kampuni ya Funai ya Japani ikaacha kuunda deki za VHS, na haikuwako nyingine iliyoendelea.