Chura-miti kijivu

Chura-miti kijivu (jina la kisayansi: Chiromantis xerampelina) ni spishi ya chura wa familia Rhacophoridae anayeishi mitini na kutaga mayai ndani ya kiota cha povu. Anapatikana kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, ukiwemo ukanda wa pwani wa Tanzania hadi Kilwa na Lindi. Mwanazoolojia Mjerumani Wilhelm Peters alimwelezea kisayansi mwaka 1854 kutokana na vielelezo vya Msumbiji.

Mwonekano

Jike hufikia urefu wa sentimita 9 hivi. Dume ni mdogo zaidi. Ngozi ni ya kijivu au kahawia yenye mabaka meusi, hivyo ni vigumu kumtambua akijibana kwenye gome la mti. Ncha za vidole zina visahani vinavyonata. Vidole viwili vya ndani vya mkono hukabiliana na viwili vya nje, na hivyo hushika matawi vizuri.

Mwenendo na chakula

Vyura wengi hukauka upesi wakikaa juani, lakini huyu huweza kutulia tawini mchana kutwa wakati wa kiangazi. Hukunja miguu chini ya mwili, na ngozi yake, isiyopoteza maji kwa urahisi, hugeuka karibu nyeupe na kuakisi mwanga wa jua. Hutoa taka mwilini kama asidi ya uriki, sawa na ndege na mijusi, na kwa njia hiyo hupunguza maji yanayopotea kwa mkojo. Usiku huwinda wadudu kama nondo na panzi.

Uzazi

Huzaana wakati wa mvua, mabwawa ya msimu yanapojaa. Juu ya maji, kwenye tawi, mwamba au hata ukuta, jike hutoa majimaji na kuyapigapiga kwa miguu ya nyuma mpaka yawe povu. Mara nyingi madume kadhaa humzunguka na kurutubisha mayai yake, ambayo ni mamia. Akipungukiwa na maji mwilini, jike hushuka bwawani kuyafyonza kwa ngozi, kisha hurudi kuendelea.

Povu hukauka nje kama ganda, huku ndani likibaki na unyevu. Baada ya siku 4 hadi 6 viluwiluwi hudondoka majini. Bwawa likiwa limekauka chini ya kiota, hufa. Tumbili na chura mdogo Afrixalus fornasini hula mayai hayo.

Hali ya uhifadhi

Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) haumhesabu miongoni mwa spishi zilizo hatarini. Hata hivyo, mabwawa ya msimu yakifukiwa, hukosa mahali pa kuzalia.