Sanduku la Vitabu na Mwalimu wa Fasihi

Mwalimu anayefundisha riwaya teule kwa mwongozo mmoja huenda hajui kwamba wenzake wa miaka ya 1950 walikuwa na mlango mwingine. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka wa 1948, makao yake Nairobi, ilichapisha vitabu vya Kiswahili na pia kuviazimisha: masanduku ya vitabu yalipelekwa mashambani, na msomaji wa mbali aliazima kwa posta. Baadaye kazi hizo zilitengana. Maktaba zilipata bodi yao ya kitaifa kwa sheria ya 1965; uchapishaji ulirithiwa na Kenya Literature Bureau mwaka wa 1980. Kiswahili kilipofanywa somo la lazima chini ya mfumo wa 8-4-4 mwaka wa 1985, walimu walihitaji tahakiki upesi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo miongozo ilipojipatia enzi, na mkutubi akasahaulika.